Kinga yenye kunywa esanse

Ndugu msomaji, pengine umekwisha kuiona katika mtaa wenu, ao kando ya njia kubwa inayotoka Lubumbashi kwenda Likasi mpaka Kolwezi. Kwa mbali unafikiri ni kinga kama zote: kadre nyeusi, porbagaji ya chuma, freni za fimbo kwenye gidoni. Lakini mwenye kukaa juu yake hapigi pedali. Katikati ya miguu yake iko motere ndogo inayolia kama nyuki ndani ya chupa, na moshi wa bluu unabaki nyuma. Motere ile haikutoka kiwandani pamoja na kinga. Imetoka kwenye gurupe iliyokufa, ao kwenye mashini ya kukata majani, ao kwenye tronsonezi ya kukata miti. Mtu ameinunua kama kitu cha kutupwa, ameifungua, ameisafisha, na sasa inampeleka kazini.

Ukiuliza bei ya pikipiki mpya, utafahamu juu ya nini vijana na mababa wa jamaa wanapenda kujaribu. Pikipiki ni makuta ya miezi mingi. Kinga iko tayari nyumbani. Kwa hiyo swali linakuja lenyewe: je, mtu wa akili na mikono anaweza kuipa kinga yake motere, pasipo kuharibu kinga, pasipo kumaliza makuta ya nyumba, na pasipo kujivunja miguu?

Anaweza. Lakini wengi wanaanza kwa motere na wanamaliza kwa freni. Njia nzuri ni kinyume chake. Soma polepole, baba na mama pamoja kama inawezekana, sababu kinga ya nyumba ni mali ya nyumba yote.

WENGINE WALIANZA VILE VILE

Usione haya kutumia vitu vya kuokota. Viwanda vingine vikubwa vya dunia vilianza hivyo.

Katika mwaka wa 1946, nchi ya Japani ilikuwa imevunjika kwa vita. Magari yalikosekana, treni zilijaa, watu walitembea mbali kutafuta chakula. Katika mji wa Hamamatsu fundi mmoja jina lake Soichiro Honda aliona motere ndogo iliyotumiwa na jeshi kwa kutoa umeme wa redio. Vita ilikuwa imekwisha, motere zile hazikuwa na kazi tena. Honda alizitafuta, akapata karibu 500, akaanza kuzifunga kwenye velo za kawaida. Kwa tanki la esanse la kinga ya kwanza alitumia chombo cha maji ya moto, kile ambacho watu wa kule waliweka kitandani wakati wa baridi. Esanse nayo ilikuwa haba, kwa hiyo aliichanganya na mafuta yaliyotolewa kwenye mizizi ya miti ya misonobari.

Na nani aliijaribu? Bibi yake, Sachi. Alikwenda nayo mjini, watu wakatazama. Aliporudi, nguo yake ilikuwa imechafuka kwa mafuta yaliyoruka kutoka karbirateri, naye alisema wazi kwamba kitu hiki hakitafaa hivi. Bwana akarudi kwenye meza ya kazi na kutengeneza. Wakati motere za jeshi zilipokwisha, mwaka wa 1947, alitengeneza yake mwenyewe. Mwaka wa 1948 kampuni Honda ikazaliwa. Mama msomaji, ukiona mume wako anafunga motere kwenye kinga, usikae kimya: jicho lako pia ni chombo cha fundi.

Katika mwaka ule ule wa 1946, Wafaransa walianza kuuza VéloSolex, kinga yenye motere ndogo juu ya gurudumu la mbele. Haikuwa na shene ya motere: kijiwe cha mviringo kilisugua mupira, na gurudumu likazunguka. Mpaka mwaka wa 1988 zaidi ya milioni 7 zilitengenezwa. Wafanyakazi, walimu, mapadri na waganga walizipanda. Utaona mbele kidogo kwamba namna ile ya kusugua mupira ndiyo rahisi kuliko zote.

Kwetu mafundi hawakosekani. Katika miaka ya 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walitoka kazini kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Wengi wao walikuwa watu wa atelye: ajusteri, turneri, sudeuri. Kampuni ilibaki na mashini, lakini ujuzi ulikwenda nao mtaani. Kijana, kama unaye baba mdogo ao babu wa namna hii katika jamaa yako, anza kwake mbele ya kununua kitu chochote. Mpelekee kinga, kaa chini, sikiliza.

MTU MMOJA NA WATU KUMI

Mtu mwenye afya, akipiga pedali kwa saa nyingi, anatoa nguvu ya wati 75 hivi. Farasi 1 ya motere ni karibu wati 740. Maana yake, motere ya farasi 1 inasukuma kama watu 10 wanaopiga pedali pamoja. Hii ndiyo furaha yake, na hii ndiyo hatari yake. Kadre, rayo, rulema na freni za kinga vilitengenezwa kwa mtu 1. Wewe sasa unataka kupandisha watu 10.

Kwa hiyo usitafute motere kubwa. Ile ya tronsonezi, ya sentimeta kube 40 mpaka 50, inatosha. Ile ya gurupe ndogo Tiger TG950, ambayo watu wanaijua katika Afrika nzima, ni ya sentimeta kube 63: hiyo ndiyo mpaka. Motere ya pompe ya maji ya sentimeta kube 160 inavuta vizuri sana, lakini ni nzito na ina nguvu kupita kadre ya kinga. Iache ipompe maji.

Kumbuka pia kwamba sisi tunaishi juu. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, Kolwezi zaidi ya mita 1,400. Hewa ya hapa ni nyepesi, na motere inapoteza karibu sehemu 1 ya nguvu yake katika kila sehemu 7. Tena, karbirateri iliyopimwa kwa nchi za chini inatoa esanse nyingi kupita hewa. Ukiona buji inatoka nyeusi na imelowa, punguza esanse kidogo. Buji nzuri ina rangi ya kahawia kama ya mkate.

VITU VYA KUKUSANYA, NA KARATASI YAKE

Mbali na motere unahitaji vitu hivi: karbirateri yake na filtre ya hewa, tuyo ya moshi na silensie, kable ya gazi na manete yake, rulema 2 ama 4, shene na meno ya velo za zamani, vipande vya mupira wa gari kwa kuzuia mtikisiko, bulo za chuma kizuri, na ambreyaje ya tronsonezi kama unaipata. Ile ambreyaje ni ya ajabu: ina viatu vidogo vinavyofunguka vyenyewe wakati motere inazunguka mbio, na vinaachia wakati inakwenda pole. Kwa njia hiyo unaweza kusimama pasipo kuzima.

Sasa tuseme wazi jambo moja. Katika miji ya migodi, vyuma vya zamani haviko vya zamani vyote. Katika miaka ya 1990 mali nyingi za viwanda zilitoka usiku kwa jina la «mitraye», na kuna watu waliokamatwa kwa kitu walichokinunua mchana kweupe sokoni. Rulema mpya yenye mafuta yake bado, inauzwa kwa bei ya chumvi: jiulize ilitoka wapi. Nunua kwa mtu anayekaa mahali panapojulikana, omba karatasi yenye jina, tarehe na kitu ulichonunua, hata kama ni kipande cha kayee kilichoandikwa kwa bik. Kinga yenye kukupeleka kituo cha polisi haikusaidii kitu.

Unapofungua gurupe, utakuta rotori ya umeme imeshikamana na mti wa motere. Usiipige nyundo. Mti ule ukipinda hata nusu milimeta, motere imekufa. Tafuta arashe ya fundi wa magari na uivute polepole. Upande wa pili uache feni na kifuniko chake mahali pake: motere hii inapozwa na hewa ya feni, na pasipo kifuniko hewa haifiki kwenye silindri.

KUPELEKA NGUVU KWENYE GURUDUMU

Hapa wengi wanashindwa, sababu hawahesabu. Motere ya gurupe inazunguka mara 3,000 kwa dakika. Gurudumu la kinga ya 28, lililo na mzunguko wa mita 2 na sentimeta 20, halitakiwi kuzidi mara 150 ama 160 kwa dakika, ni kusema kilomita 20 kwa saa. Basi motere inapaswa kuzunguka karibu mara 19 ama 20 wakati gurudumu linazunguka mara 1. Ukifunga meno madogo ya 10 kwenye motere na meno makubwa ya 44 kwenye gurudumu, unapata mara 4 na kidogo tu. Kwa hesabu, kinga ingekwenda kilomita 90 kwa saa. Kwa kweli haitakwenda: motere itakosa nguvu ya kuianzisha, itakufa palepale ao shene itakatika.

Njia ni 2.

Njia ya kwanza ni kusugua mupira. Unaweka rulo ndogo ya chuma kwenye mti wa motere, na motere yote inakaa juu ya gurudumu la nyuma kwenye kiungo kinachoinuka na kushuka. Manete moja inaiinua: kinga ni huru. Unaishusha: rulo inasugua mupira na kinga inakwenda. Hapa haihitaji ambreyaje wala shene. Hesabu yake ni nyepesi: chukua upana wa rulo, zidisha kwa 3.14, kisha kwa mizunguko ya dakika. Rulo ya sentimeta 3 na nusu, kwa mizunguko 3,000, inakupa mita 330 kwa dakika, ndiyo kilomita 20 kwa saa. Rulo ya sentimeta 5 inakupa kilomita 28, na hapo tunakwambia hapana. Ubaya wa njia hii ni 2: wakati wa mvua rulo inateleza, na mupira unakwisha mbio. Chunguza mupira kila wiki, na usingoje uone nyuzi.

Njia ya pili ni shene mara mbili. Katikati ya motere na gurudumu unaweka mti mdogo unaozunguka juu ya rulema 2. Motere inauvuta kwa meno 10 na 44, kisha ule mti unavuta gurudumu kwa meno 10 na 44 tena. Mara 4.4 kwa mara 4.4 inafanya 19 na kidogo. Kinga itakwenda karibu kilomita 20 kwa saa, hata wakati wa mvua. Lakini hapa unahitaji ambreyaje, shene 2 zilizo sawasawa kama mstari wa rula, na kifuniko cha bati juu ya kila shene. Usicheke kifuniko. Kitenge cha mama, suruali pana na kidole cha mtoto vinaingia kwenye shene kwa mara moja.

Kwa mwanzo tunashauri njia ya kwanza. Ikiharibika unainua manete, unapiga pedali na kurudi nyumbani. Tena kadre haikatwi wala haitobolewi.

KUFUNGA MOTERE PASIPO KUUA KADRE

Tuyo za kadre ni nyembamba. Ukitia sudure ya umeme juu yake, chuma kinaungua, kinakuwa kigumu kama biskuti, na baada ya miezi kinapasuka karibu na sudure. Kwa hiyo funga motere kwa kolye na bulo, na katikati utie kipande cha mupira wa gari. Weka ekuru 2 kwa kila bulo, sababu mtikisiko unafungua ekuru 1 pasipo wewe kusikia. Baada ya saa ya kwanza ya kutembea, simama na kukaza zote. Baadaye fanya hivyo kila juma.

Sehemu moja hatuigusi kamwe: ni foroshi ya mbele. Usiitie sudure, usiitoboe, usifunge motere juu yake. Kadre ikipasuka unasimama. Foroshi ikivunjika unaanguka na uso.

Tazama pia rayo. Kinga nyingi za kazi zina rayo 32 mbele na 40 nyuma. Rayo 1 ikikosekana, zingine zinachukua uzito wake, na moja baada ya nyingine zinakatika. Jaza zote mbele ya kufunga motere.

TANKI, NA MOTO

Esanse haisamehe. Tanki liwe juu kidogo kupita karbirateri ili esanse ishuke yenyewe, liwe mbali na tuyo ya moshi, na liwe na robine ya kufunga. Tanki la tronsonezi ao la pikipiki ya zamani linafaa. Chupa ya maji ya plastiki haifai: mtikisiko na joto vinaifungua.

Sikia hili na ulifundishe watoto: usitie sudure kwenye bido iliyobeba esanse, hata kama ni tupu, hata kama ilikauka tangu mwezi uliopita. Bido tupu ni hatari kupita ile iliyojaa, sababu ndani yake imebaki mvuke uliochanganyika na hewa, na mvuke ule ndio unaopasuka. Mafundi wazuri wamepoteza macho na mikono kwa kazi ya dakika 5.

Motere za tronsonezi na za Tiger ni zile mafundi wanaita «de tan». Hazina mafuta yake chini. Mafuta yanachanganywa ndani ya esanse. Kwa lita 1 ya esanse tia vijiko 2 vikubwa vya supu vya mafuta ya motere za «de tan», ni kusema mililita 30. Changanya ndani ya bido nyingine na kuitikisa vizuri mbele ya kumimina. Ukisahau mafuta siku moja tu, pistoni itakamata silindri. Na kama unanunua esanse kwa kadafi wa kando ya njia, ichuje kwa kitambaa safi na uitazame kwenye chupa nyeupe: maji yanakaa chini, na esanse iliyochanganywa na petroli ya taa inanuka nyingine.

Usiiwashe motere ndani ya nyumba ao kwenye jiko lililofungwa, hata kwa dakika chache za kujaribu. Moshi wake una gazi isiyokuwa na harufu yake, nayo inalaza mtu usingizi usio na asubuhi. Na usiku, kinga ilale nje ya chumba cha watoto, robine imefungwa, mbali na mbabula.

FRENI KWANZA

Tumefika mahali penyewe. Wengi wanafikiri kwamba mwendo wa mara 2 unahitaji nafasi ya mara 2 ya kusimama. Haiko hivyo. Unahitaji mara 4. Kama kwa kilomita 10 kwa saa unasimama katika mita 2, kwa kilomita 20 unahitaji mita 8, na kwa kilomita 30 unahitaji mita 18. Tena mbele ya mkono kukamata freni, sekunde 1 inapita, na kwa kilomita 20 umekwisha kutembea mita 5 na nusu. Sasa fikiri mtoto anayekimbilia mpira wake, ao lori la madini linalosimama mbele yako ghafula.

Freni za fimbo zinazokamata janti ya chuma ni dhaifu, na mvua ikinyesha zinakuwa karibu bure. Fanya hivi: badilisha kaucho zote 4, nyoosha janti isiyumbe, na kama unapata gurudumu la mbele la pikipiki ndogo lenye freni yake ndani ya ngoma, umpe turneri alitengeneze likae sawa kwenye kinga yako. Kisha weka buto ya kuzima motere kwenye gidoni, karibu na kidole gumba. Ni waya 1 tu inayotoka kwenye bobine na kugusa chuma. Kable ya gazi ikikwama, na siku moja itakwama, buto ile ndiyo itakuokoa.

Jaribu freni kwa namna hii, motere ikiwa bado haijafungwa. Chora mstari barabarani pasipo magari, kuja mbio kwa pedali, kamata freni juu ya mstari, na mtu apime kwa hatua. Fanya tena na janti zilizolowa. Kama haikupendezi kwa pedali, haitakupendeza kwa motere. Mama akiuliza, «Baba watoto, ile kitu yako iko na freni?», usimjibu kwa maneno. Mwite aje kuona mstari.

Na neno kwa ndugu zetu wanaoleta makala mjini. Tunajua kazi yenu, na tunajua mlima. Lakini motere na gunia 4 za makala haziwezi kukaa juu ya kinga moja. Uzito ule, kwa mwendo wa kilomita 20, kwenye mteremko, hakuna freni ya velo inayoushika. Chagua: ao motere na mzigo kiloko, ao mzigo mkubwa na kusukuma kwa mikono. Watu wa Goma wanaobeba vyakula juu ya chukudu ya mti wanashuka milima pasipo motere kabisa, na hata wao wanajua kwamba kushuka ndiko kunakoua, si kupanda.

HESABU YA NYUMBA

Baba, chukua kayee. Tuseme mama anapeleka bidhaa sokoni, kilomita 15 kwenda na 15 kurudi. Kwa pedali, kilomita 12 kwa saa, anatumia saa 1 na robo kwa kila safari. Kwa motere, kilomita 20 kwa saa, anatumia dakika 45. Anapata saa 1 kila siku, na anafika na nguvu yake.

Sasa andika upande wa pili. Tuseme motere ya zamani inakunywa lita 2 na nusu kwa kilomita 100. Kwa kilomita 30 ni robo 3 za lita kila siku. Kwa siku 6 ni lita 4 na nusu, na mililita 135 za mafuta. Andika bei ya leo kwa mtaa wenu. Ongeza mupira wa nyuma utakaokwisha mara mbili zaidi, buji, shene, na kitu kidogo cha kuweka kando kila juma kwa siku ya kuharibika, sababu motere ya kuokota itaharibika.

Jumlisha. Saa ile 1 ya kila siku inaleta makuta kupita hesabu hii? Kama ndiyo, motere ni msaidizi wa nyumba. Kama hapana, ni mgeni anayekula na hafanyi kazi. Hakuna haya kumwambia kijana: «Mwanangu, umetengeneza vizuri, lakini tutaiwasha siku ya safari ya mbali tu.» Siku zingine mnapiga pedali, na pedali hazikunywi kitu.

Uliza pia kwa polisi wa barabara na kwa komini mbele ya kutoka. Ukiweka motere, mbele ya sheria kinga yako haiko tena kinga tu. Ni afazali kuuliza ofisini asubuhi kuliko kujieleza barabarani jioni. Vaa kofia ya pikipiki, funga taa nyuma, na kwenye njia kubwa ya malori kaa pembeni kabisa, ao usipite kabisa wakati wa usiku.

Vijana wengine wanatuonyesha velo za umeme na kusema, «Hii njo ya kesho.» Wana haki. Betri nyingi za lityumu zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka katika nchi yetu, katika udongo huu wa Kolwezi na Likasi. Lakini usifungue betri za zamani na kuziunga mwenyewe kama unavyounga waya za redio. Seli iliyotobolewa ao iliyounganishwa vibaya inashika moto ambao maji ya ndoo hayauzimi mbio. Motere ya esanse inakuonya kwa makelele. Betri haikuonyi.

MBELE YA KUWASHA

Kata orodha hii na uibandike ukutani pa atelye:

1. Freni zimejaribiwa kavu na kwa maji.
2. Buto ya kuzima inafanya kazi.
3. Bulo zote zina ekuru 2, nazo zimekazwa leo.
4. Foroshi haina ufa. Pangusa vumbi na utazame kwa jicho.
5. Rayo zote ziko, mupira hauonyeshi nyuzi.
6. Shene ao rulo ina kifuniko.
7. Esanse haitoki tone hata 1. Weka karatasi chini usiku, uitazame asubuhi.
8. Mafuta yamechanganywa, na bido imeandikwa «ESANSE» kwa herufi kubwa, isije ikanywewa na mtoto.
9. Filtre ya hewa imeoshwa. Wakati wa vumbi, uioshe kila juma.
10. Karatasi ya kila kitu ulichonunua iko nyumbani.

Kama jibu ni ndiyo mara 10, vuta kamba. Siku ya kwanza usimpakie mtu nyuma, wala siku ya pili. Fanya kilomita 1, simama, gusa bulo kwa mkono, nusa, sikiliza. Kisha kilomita 2. Ukirudi na kinga nzima na mikono michafu, siku ile imekuwa nzuri.